Konokono, Maganda na Jina la Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Makala ya Takwimu imetoka kwenye jarida. Profesa ameibandika mlangoni mwa maabara, usawa wa macho, ili hata anayekwenda chooni aisome. Takwimu ni mwenzangu wa meza moja. Tulimpa jina hilo kwa sababu hesabu za utafiti anazifanya huku anatafuna karanga. Tulianza masomo pamoja. Leo kila mtu anampa mkono. Nami nikampa. Akaniuliza mbona mkono wangu baridi, au naumwa. Naumwa, ndiyo. Ila si ugonjwa wa kumwambia yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua. Nitaandika makala yangu na sitamwambia mtu. Nina matuta mawili ya kabichi nyuma ya nyumba. Moja nimelizungushia maganda ya mayai yaliyopondwa, jingine nimeliacha hivi hivi. Swali: je, maganda yanazuia konokono? Jibu ni zuri kupita kiasi. Kwenye maganda hakuna konokono hata wa dawa. Kwenye tuta la pili wanakula kama wamealikwa. Tatizo dogo tu: kila nikirudi kutoka maabara nakuta maganda yamechakurwa. Upepo, nadhani. Naongeza mengine.

Jumatano, 12 Machi

Nimemaliza kuandika. Likaja suala la majina. Profesa ndiye msimamizi wangu, na wazo la maganda ni lake. Utaratibu ni jina lake liwemo. Lakini majina mawili yanagawana sifa. Nimeandika langu peke yake. Limependeza, katikati ya ukurasa, bila bughudha.

Takwimu alichungulia grafu zangu kwa juu ya bega. Akauliza kama hakuna kitu kingine kinachowala hao konokono. Nikamwambia wivu si mzuri. Akacheka, akidhani natania. Nimetuma.

Jumanne, 8 Aprili

Majibu yamekuja. Jarida hupeleka makala kwa wahakiki wasiotajwa majina. Wa kwanza amesema inapendeza, nirekebishe tahajia. Wa pili hakuniachia hata mfupa. Mbona kila upande una tuta moja tu? Nimehakikishaje kwamba hakuna ndege au mnyama aliyewala konokono?

Hapo nikasikia sauti ya Takwimu masikioni. Swali lake lile lile. Mke wangu akasoma, akasema huyu mhakiki anaonekana mtu makini. Nimemnunia mpaka sasa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimetega mtego. Nilimpa Takwimu ukurasa wa uongo niliouandika mwenyewe, nikamwomba maoni. Kaandika "fafanua" kila pembe. Mhakiki wa pili naye ni "fafanua" mwanzo mwisho. Nimemshika.

Nikaenda moja kwa moja kwa Profesa kumshtaki. Nikasema kuna mtu anajificha nyuma ya uhakiki kuniangusha. Akavua miwani, akauliza ni makala gani hiyo. Ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa sijamwambia.

"Mhakiki wa pili ni mimi," akasema. "Mhariri hakuona jina langu kwenye makala, akanitumia. Nikamwarifu wewe ni mwanafunzi wangu. Akasema nitoe maoni hivyo hivyo."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba Jumamosi anakuja kuyaona matuta. Yeye na Takwimu.

Jumamosi, 12 Aprili

Wamekuja. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akawatolea viti uani. Tulikuwa bado tunaulizana hali walipotokea bata wake, wamejipanga mstari, mpaka kwenye tuta la maganda. Wakadonoa maganda kwa raha zao. Waliposhiba maganda wakageukia konokono, mmoja mmoja. Tuta la pili hata hawakulitazama.

Nikajifanya nawahesabu bata.

"Hawa wanangu wamenona siku hizi," mama mkwe akasema, anawaangalia kwa fahari.

Profesa alicheka mpaka akashika ukuta. Takwimu hakucheka. Alichuchumaa kando ya tuta, akatazama muda mrefu, kisha akasema hili huenda ni jambo jipya: maganda hayazuii konokono, yanawaita bata. Akasema turudie, kwa matuta mengi, mengine tuyafunike wavu bata wasiingie.

Alisema "turudie". Nani kamkaribisha?

Jumatatu, 15 Septemba

Tulirudia, na makala ya maganda na bata imekubaliwa. Jina la kwanza Takwimu, la pili langu, la mwisho Profesa. Mama mkwe ametajwa kwenye shukrani, na sasa anaomba chai kwa sauti ya mtafiti. Mama yangu alipiga simu kunipongeza, halafu akauliza ni nani huyo aliyekaa mbele yangu.

Mchana Takwimu akanifuata mezani. Akasema kazi ilianzia kwangu, kwa hiyo amemwomba Profesa jina langu litangulie, na Profesa amekubali. Mhariri atabadilisha kabla haijachapishwa.

"Wewe ndiye uliyepanda kabichi, kaka," akasema, akarudi kwenye karanga zake.

Nimeshukuru. Kisha nikakaa kuwaza. Mtu hakuachii jina la kwanza hivi hivi. Lazima anaficha makala nyingine, kubwa kuliko hii. Na kweli, kwenye karatasi yake nimeona neno moja limepigiwa mstari: mende.

Nimerudi nyumbani mapema. Nimeshakamata mende kadhaa jikoni, wako kwenye chupa chini ya kitanda. Sijamwambia mtu.