Mama Mkwe Aomba Shimo la Kale Lifukiwe

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Mambo ya Kale,

Natumaini u mzima. Mimi ni mama wa mtaalamu wako anayechimba nje kidogo ya mji, na mama mkwe wa mtaalamu mwenzake, ambaye ndiye mumewe. Naishi nao. Nakuandikia nikiwa bafuni, chumba pekee ambacho hawajakipima kwa kamba.

Shimoni wamekuta mifereji na mabeseni ya udongo. Mkwe anasema watu wa kale walikuwa wakipika chumvi pale. Binti anasema walikuwa wakimwagilia mtama, na kwamba hata shamba huingia chumvi likimwagiliwa miaka mingi bila maji kupata pa kutokea. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Mezani hakuliki. Binti huchora mifereji kwenye wali na kumimina mchuzi, tuone maji yalivyoteremka. Mkwe huiziba kwa kijiko.

2. Mkwe anaonja kila udongo. Ameonja ukuta wa jirani, na juzi chungu cha maua cha daktari wa meno. Daktari amemwambia, "Usirudi hapa hata jino likikuuma."

3. Binti amehamia chumbani kwangu na mifuko yake ya udongo, anachekecha akitafuta mbegu zilizoungua. Asubuhi moja alipata mbegu, akanikumbatia kwa furaha. Kilikuwa kidonge changu cha presha. Kimefungiwa kwenye kimfuko chenye namba na sirudishiwi.

4. Zamani wawili hawa walikuwa wakicheka jikoni mpaka sufuria inaungua. Sasa wanaandikiana vikaratasi kwenye mlango wa friji. Hili ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo naomba utoe tamko lenye mhuri kwamba watu wa kale hawakupika chumvi wala hawakulima. Walikuwa wanapita tu. Shimo lifukiwe leo.

Wasalimie wote ofisini, na wa nyumbani kwako, hasa kama hawachimbi.

Wako mtiifu,
Mama Mkwe

N.B. Kabla sijaituma barua hii, niliwapelekea chai shimoni. Nimeona vigae vinene vya mabeseni yale, vimeungua, na majivu tele. Nikauliza, "Mwanangu, nani anamwagilia mtama kwa moto?" Mkwe karibu amwage chai kwa furaha. Binti akajibu kuwa ni majivu ya mashamba yaliyochomwa, kisha akaninunia, akafungasha mifuko yake na kurudi chumbani kwa mumewe. Nawasikia wakinicheka. Tafadhali usifukie chochote. Nitumie mwiko wa kuchimbia na brashi, maana ile ni chumvi, na sitanyamaza.