Karafuu Kavu, Daraja la Kwanza

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Mwalimu Tahiya kawaagiza watoto wa darasa la pili waoteshe mbegu kwenye pamba, ndani ya kikopo. Alhamisi ya tarehe 18 kila mtoto ataeleza mbele ya wazazi. Wanu wangu kashaanza kufanya mazoezi mbele ya kioo. Mama yake, Nasima, kamtolea choroko jikoni. Choroko! Kitu cha kulia wali! Nadir wa ghorofa ya juu kamwekea mwanawe Salhiya kunde, na ngazi nzima inajua.

Sisi tutaotesha karafuu. Wazanzibari tuoteshe nini kingine? Babu yangu alichuma karafuu maisha yake yote. Mimi nimekulia Shangani, sijapanda hata mchicha, lakini mambo haya yamo kwenye damu. Nimekwenda Darajani. Nimekataa zote za mwanzo, nikataka kavu kabisa, ile inayovunjika kwa kucha. Muuzaji kaniuliza nna pilau ya watu wangapi. Nikalipa, nikaondoka. Siri ya kazi.

Nasima kauliza kama nna hakika karafuu ni mbegu. Nikamuuliza yeye anadhani mikarafuu inatoka wapi. Karudi kwenye choroko zake.

Jumanne, 9 Septemba

Kunde za Salhiya zimepasuka, zimetoa vijimkia vyeupe. Nadir kashuka makusudi kunionesha picha kwenye simu. Zetu zimetoa maji ya rangi ya chai. Nimebadilisha maji. Nimebadilisha dirisha. Nimezisomea. Kimya. Nyumba inanukia pilau, na pilau hakuna.

Wanu hakula vizuri. Kaniuliza: "Baba, yangu ikikataa, ntasimama na nini mbele ya watu?" Iliniuma, sisemi uongo. Nikamwambia itaota, inshallah, baba yake hajashindwa.

Basi nikachukua hatua. Kikopo cha Salhiya kinakaa kwenye dirisha la ngazi, palipo na jua. Nimekihamishia kabatini chini ya ngazi. Giza tupu. Tuone kunde bila jua zitafika wapi.

Ijumaa, 12 Septemba

Kikopo kimetafutwa nyumba nzima. Na mimi nimetafuta, tena kwa bidii kuliko wote. Salhiya kalia sana, ndiyo maana kila asubuhi nilikuwa nazimwagia zile kunde maji kidogo. Mimi si katili.

Leo Nadir kafungua kabati kuchukua fagio. Lo! Kunde zimerefuka zimegonga rafu ya juu! Nyeupe, nyembamba, lakini ndefu hazijapata kuonekana. Mwalimu Tahiya kasema mmea ukiwa gizani hujinyoosha kutafuta mwanga, na Salhiya ataeleza hilo pia. Nadir kamshukuru hadharani huyo aliyekihamisha, nani sijui, Mungu amjaze kheri. Ilinibidi niitikie amina.

Wanu kaomba simu ya mama yake, kampigia bibi yake wa Donge, kwenye mashamba. Wamezungumza muda mrefu. Salamu, nadhani.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku yenyewe. Karafuu hazikuota. Nimekaa mstari wa nyuma, kofia nimeishusha machoni. Salhiya kapigiwa makofi, Nadir kasimama kama yeye ndiye kunde.

Kisha Wanu. Kaja na vikopo viwili. Nikashtuka, mimi nilimpa kimoja. Kaweka cha karafuu mbele, kasema bila kutetemeka: "Hizi kanipa baba. Hazikuota kwa sababu karafuu ni ua ambalo halijafunguka, huchumwa likaanikwa juani. Bibi kasema mbegu imo kwenye tunda, ukiliacha mtini likaiva. Na hizi ni choroko za mama. Zimeota." Choroko zilikuwa na majani mawili mawili, kijani kibichi.

Mwalimu kasema huyu ndiye mtoto pekee aliyeonesha kinachoota na kisichoota, na sababu yake. Wa kwanza! Makofi ukumbi mzima. Wanu kanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Nikajifuta macho kwa kofia. Zile karafuu, zina harufu kali.

Aibu? Aibu ya nini? Bila karafuu zangu angelinganisha na nini? Nimemweleza Nadir kwamba ndio ulikuwa mpango tangu mwanzo. Kacheka mpaka kakaa chini. Wivu.

Jumamosi, 20 Septemba

Kazi mpya: vifaranga huanguliwa vipi. Nadir kakimbilia shamba kuazima kuku anayeatamia. Masikini, mambo ya kizamani. Mimi nimekwenda duka kubwa, nimechagua mayai ya kisasa, makubwa, masafi, yametoka kwenye friji hayana hata doa. Daraja la kwanza. Nimeyafunika kanga ya Nasima, nimeyaweka karibu na jiko.

Wanu kayatazama. Kanitazama na mimi. Kisha kaenda kuomba simu ya mama yake.

Salamu tu, bila shaka.