Ukurasa wa Kumi na Moja

Zahor hakwenda uwanja wa ndege wa Seeb, Maskati, kutafuta riziki. Alikwenda kumpokea binamu yake, ndege ikachelewa, na mtu wa aina ya Zahor ukimwacha saa mbili mahali penye watu wengi wenye pesa, yatakayotokea usimlaumu yeye peke yake. Alinunua chai ya maziwa, akaegemea nguzo, akaanza kusikiliza mazungumzo yasiyomhusu. Kwa kweli hiyo ndiyo kazi pekee aliyoisomea akafuzu.

Mbele yake bibi mmoja mnene, miwani imefungwa kamba shingoni, alikuwa akibishana na kijana wa mizani juu ya mabegi matatu, ambayo kila moja lilitaka wanaume wawili kulinyanyua.

"Mwanangu, hii safari yangu ya tano mwaka huu," alisema. "Unguja mara tatu, Bangkok kwa ajili ya goti, Bombay kwa ajili ya jicho. Na kila safari nnakata bima mbali. Nikifa leo, bima zangu zitapigana zenyewe kwa zenyewe."

Foleni nzima ikacheka. Zahor hakucheka. Alibaki na kikombe mdomoni, hanywi.

Ulikuwa mwaka wa 1998, na biashara zake zilikuwa zimedorora. Alishawahi kuuza viwanja vya Mabela ambavyo hata ramani haikuvijua, na mitambo ya kusafisha maji iliyoyachafua. Tatizo la biashara zote hizo lilikuwa moja: mnunuzi alirudi. Lakini bima ya safari ni bidhaa ambayo mnunuzi mwenyewe anamwomba Mungu asije akaihitaji. Akienda salama na kurudi salama, anakushukuru. Na ukimuuzia ya mwaka mzima, atakushukuru mwaka mzima. Zahor aliyaona yote hayo kwa uwazi kabisa, kama vile watu wema wanavyoona kosa lao baada ya sala. Alimfuata bibi yule, akambebea begi moja, akaondoka na jina lake na nambari yake ya simu.

Wiki ile ile Kampuni ya Bima ya Nyota ya Safari ilifungua makao yake makuu Ruwi, katika pembe ya duka la kutoa fotokopi. Mtaji wake ulikuwa meza, muhuri wenye nyota, na kijitabu cha kampuni ya kweli ambacho Zahor alikiokota kwa wakala wa tiketi. Alikipeleka kwa mpiga chapa, jina likabadilishwa. Ukurasa wa kumi na moja tu ndio uliomkera. Ulikuwa na herufi ndogo kama chawa, na kichwa chake kilisema: Mambo Tusiyolipa. Muuzaji gani anaanza kwa kumwambia mteja asichompa? Tena mpiga chapa alikuwa akitoza kwa ukurasa. Zahor akauchana bila ya kuusoma, akafutia mafuta ya sambusa. Ndivyo ubahili wa mtu mmoja ulivyozaa bima karimu kuliko zote katika Ghuba.

Bi Bakhita, maana hilo ndilo jina la yule bibi, alipotoka Unguja alimkaribisha nyumbani kwake Mabela. Alikuwa mjane, mstaafu wa posta, na mtu wa kuchagua. Zahor alimkuta amekaa kwenye zulia, vijitabu viwili vya kampuni nyengine vimelala wazi kando ya sahani ya halwa. Akakiweka chake katikati.

"Hii inasema safari moja isizidi siku thalathini," alisema Bi Bakhita, kidole juu ya mstari. "Yako je?"

"Kaa utakavyo, mama."

"Hii haitaki sukari wala presha niliyokuwa nayo kabla. Yako?"

"Sisi hatumbagui mtu kwa sukari."

Bi Bakhita akamtazama kwa juu ya miwani, muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Na zote mbili hizi zinalipa mali ya mwenye begi tu. Sasa mimi, mwanangu, sijapata kusafiri na begi langu. Nikisema tu nnakwenda Unguja, hawa hapa na vifurushi vyao. Nikitaka kurudi, wa kule nao hawa hapa. Nguo zangu mwenyewe nnazivaa mwilini, hazina pa kukaa. Amana za watu zimo?"

"Zimo," alisema Zahor.

"Wapi?"

"Zimo kwa ujumla."

"Nimekaa posta miaka ishirini na mbili. Huko kwa ujumla ndiko vifurushi vilikokuwa vikipotelea. Andika."

Zahor akaandika pembeni mwa karatasi yake ya bima, kwa mkono wake: Amana za watu zimo. Akatia saini, akapiga muhuri. Haikumgharimu kitu, na alipenda kuupiga muhuri ule.

Wakati huo akaingia msichana na birika la kahawa. Alikuwa Balqees, mtoto wa kaka yake Bi Bakhita, aliyefanya kazi maktaba ya chuo kikuu kule Al Khoudh na akiishi na shangazi yake. Aliinama kuweka vikombe, akaitupia jicho karatasi.

"Muhuri wako umepinda," alisema, akatoka.

Zahor alishaambiwa mengi maishani mwake, mengine mbele ya hakimu, na hakuna lililowahi kumgusa. Hili lilimgusa. Njia nzima ya kurudi Ruwi alikuwa akitabasamu peke yake kwenye teksi.

Bi Bakhita hakuwa mchoyo wa habari. Kila penye arusi, maulidi au khitma, alieleza alivyochagua bima ya mwaka, na watu wenye nyumba Unguja na Maskati, wasiokaa miezi mitatu bila ya kupanda ndege, wakaja. Riyali thelathini kwa mtu mmoja, hamsini kwa mume na mke. Kabla ya Ramadhani walikuwa watu na familia ishirini na sita, kuanzia Mabela hadi Sidab. Zahor akanunua gari lililotumika na kanzu tatu mpya. Watu wakaanza kumwita Meneja, na yeye akaanza kugeuka akiitwa hivyo.

Akapeleka posa kwa Balqees. Ikapokelewa, na pete ya dhahabu ikapokelewa pamoja nayo. Ilibaki kupanga siku tu, nayo itapangwa Bi Bakhita akirudi kutoka safari yake ya Shaaban huko Unguja. Hapa msimulizi hana budi kumtendea haki Zahor: alimpenda yule msichana kwelikweli. Alikwenda maktaba mara nne kuazima vitabu asivyovisoma. Aliapa moyoni kwamba mwaka wa bima ukiisha ataifunga kampuni kimya kimya, afungue duka la manukato, awe mtu mwema kuanzia Januari. Wajanja wote wanayo Januari yao. Alichokiogopa sasa ni kimoja tu, Balqees kumjua.

Bi Bakhita alikuwa bado Unguja pale simu ya dharura ilipolia. Simu ya dharura ya Nyota ya Safari, iliyo wazi usiku na mchana, ilikuwa GSM ya Zahor, ile simu yake ya mkononi, na Zahor alikuwa kwa kinyozi, povu limemjaa usoni.

"Goti langu limevimba," Bi Bakhita alisema. "Nende hospitali gani?"

"Subiri, mama, nikuunganishe na idara ya matibabu." Akahesabu mpaka tano, akaikaza sauti. "Idara ya matibabu, nani mwenzangu?"

Bi Bakhita akaeleza tena. Kinyozi akauliza kama masharubu nayo ayapunguze. Idara ya matibabu ikatikisa kichwa kukataa, ikamwambia mama alipumzishe goti, na gharama aulize makao makuu. Makao makuu yalikuwa na sauti ya puani. Yalikuwa yakisema kila kitu kitalipwa pale kinyozi alipouliza tena, kwa sauti zaidi, yale masharubu vipi.

"Ahsanteni," alisema Bi Bakhita. "Nimekusumbueni, kumbe mko wengi."

Zahor akazima simu, akajiona mwenye kipaji.

Siku ya tatu baada ya kurudi, Bi Bakhita alimwita Mabela. Zahor alijua ni kupanga siku. Alivaa kanzu iliyo bora katika zile tatu, akajifukiza udi mpaka akapiga chafya. Nyumba nayo ilikuwa imefukizwa. Ubani ulikuwa mwingi kupita kawaida, hata macho yalimwasha. Alipofungua mlango wa sebule akakuta wateja wake wote ishirini na sita wamejipanga kwenye kuta nne, na Balqees amekaa kwenye kiti na daftari.

"Karibu, Meneja," alisema Bi Bakhita. "Begi langu moja halikufika."

"Pole sana, mama. Begi moja tutalilipa hata leo."

"Begi ni moja, lakini ni la hawa. Amana za watu zimo, umeandika mwenyewe."

Wa kwanza alikuwa mzee Thani wa Sidab. Dada yake alikuwa amempelekea kofia aliyoishona kwa mkono miezi sita. Riyali hamsini. Akafuata Hasina, mwalimu wa skuli, na karafuu zake na doriani mbili. Riyali thelathini.

"Doriani mbili, riyali thelathini?" Zahor aliuliza kwa upole.

"Zilikuwa zimeiva," alisema Hasina.

Wakafuata wenye kanga, wenye achari, wenye ngisi mkavu, na mmoja mwenye dawa ya miti ambayo ugonjwa wake hakutaka kuutaja. Balqees akaandika yote bila ya kunyanyua uso. Jambo moja lilimfariji Zahor: hakuna aliyepita hamsini. Angeweza kukataa, akatoka pale hana jina wala mchumba. Angeweza kukimbia, lakini akamwona Balqees akingoja jibu, kalamu juu.

"Kaka yangu amenipigia simu," alisema Bi Bakhita. "Anasema mtu anayelipa amana za watu ndiye wa kumwozesha binti. Tukimaliza hili, tutazungumza siku."

"Nipeni wiki moja," alisema Zahor.

Aliuza gari. Aliuza kanzu mbili, na ile meza. Alikopa kwa binamu yake, ambaye hakuwahi kumkopesha na alifanya hivyo kwa kuchanganyikiwa tu. Wiki ilipotimia alirudi Mabela na bahasha ishirini na sita, akazigawa moja moja, akapigia muhuri kila risiti. Kila aliyepokea alimshukuru na kumwombea kheri. Zahor, ambaye alikuwa hajawahi kumlipa mtu, alishangaa kuona machozi yanamlengalenga, na kwa dakika chache alijihisi kampuni ya kweli.

Watu walipotoka, Balqees akakusanya nakala za risiti na kila kilichokuwa mezani, akavipeleka chumba cha pili. Zahor akajifuta uso. "Sasa, mama, ile siku."

"Balqees," alisema Bi Bakhita, "mwoneshe begi."

Balqees akalisukuma sebuleni kutoka chumba cha pili. Lilikuwa begi la kahawia lililozungushwa utepe wa gundi, sasa limefunguka na kubaki tupu, na harufu iliyotoka humo Zahor aliitambua mara moja. Ndiyo iliyokuwa ikipigana na ubani siku ile.

"Doriani tulizila ulipotoka tu," alisema Bi Bakhita. "Wenyewe walikuja kuchukua mizigo yao, wakakungojea."

Zahor akakaa kwenye zulia.

"Hukushangaa?" aliuliza Balqees. "Aliyekulipa thelathini alipoteza cha thelathini. Aliyekulipa hamsini alipoteza cha hamsini. Shangazi alisema utagundua kwa mtu wa tatu. Mimi nilisema wa kumi."

"Tangu lini mmejua?"

"Mimi tangu siku ile ya kwanza," alisema Bi Bakhita. "Posta nilikuwa sehemu ya vifurushi vilivyopotea. Kampuni inayokubali kila kitu sijapata kuiona, wala kijitabu kisicho na ukurasa wa kumi na moja. Nikakata ya kweli kesho yake. Arusini nilikuwa nikiisifu hiyo, na nilipotanabahi kuwa watu wamedhani ni yako, walishakupa pesa; ni kwa mdomo wangu, basi ikanilazimu nizirudishe. Goti lilikuwa zima. Nilitaka kusikia mko wangapi."

"Na posa?" alisema Zahor.

"Mwanamke akivunja, anarudisha. Pete tumeiuza, tukakununulia hii." Alichukua bahasha kwa Balqees, akampa. Ndani yake mlikuwa na kijitabu cha bima ya safari ya mwaka mzima, cha kampuni ya kweli, kwa jina lake kamili. "Utasafiri sana, mwanangu. Mmoja wa wale uliowauzia viwanja vya Mabela ni shemeji yake Thani. Nimemzuia mpaka kesho adhuhuri."

Zahor alimtazama Balqees, kama kwamba huenda yeye ana neno jengine. Balqees alisema, si kwa ukali, "Soma ukurasa wa kumi na moja."

Alitoka haraka hata muhuri wake akausahau juu ya meza. Hivyo ndivyo alivyoamini.

Asubuhi yake, kwenye basi la Dubai, Zahor akakifungua kijitabu na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasoma Mambo Tusiyolipa. Vita havikulipwa. Wazimu haukulipwa. Mwenye kupanda milima kwa kamba hakulipwa, na wala hasara yoyote itokanayo na uongo wa mwenye bima mwenyewe. Alisoma polepole mpaka chini, na pembeni mwa mstari wa mwisho akakuta maneno mawili kwa kalamu ya wino, hati nzuri ya mtu wa maktaba.

Posa haimo.

Chini yake palipigwa muhuri. Ulikuwa wake, ule wa nyota, na safari hii haukupinda.