Jozi ya Lindi

Jumatatu, 5 Juni 1972

Balaa! Serikali inapeleka madaraka mikoani, na madaraka hayaendi peke yake, yanabebwa na makarani. Orodha imebandikwa mlangoni. Lindi: karani mmoja, tarishi mmoja. Karani ni mimi. Mimi! Mzaliwa wa Mtaa wa Swahili, Kariakoo, nisiyewahi hata kuvuka Rufiji!

Tarishi ni Mzee Bakili, anayetugawia barua na chai. Yeye nusura acheze. Mkewe, Bi Siti, yuko Lindi. Miaka kumi na moja wanaonana wakati wa likizo tu. Amenishika mkono, akasema tutasafiri pamoja na nitafikia kwake. Nikatabasamu. Moyoni nilishaanza kupanga.

Jumanne, 6 Juni

Mpango tayari. Bi Selina, mkuu wetu mpya, katangaza utaratibu: bila faili mtu hahamishwi. Na ufunguo wa chumba cha mafaili anao nani? Mimi. Saa saba mchana nikatoka na faili langu ndani ya shati, nikitembea kama mwenye jipu tumboni. Nimempa Abdulla, muuza karanga wa Mtaa wa Mchikichi, aliweke nyuma ya magunia. Aliuliza ni nini. Nikasema karatasi tu.

Alhamisi, 8 Juni

Bi Selina ameulizia faili langu. Nikashangaa kuliko yeye. Nikasema huenda limeliwa na panya. Akauliza panya gani huyo anayechagua faili moja kati ya mia mbili. Nikamkumbusha kwamba Mwongozo wa chama unakataza viongozi kuwa wanyapara. Akageuka, akaondoka. Nimeshinda!

Mzee Bakili ameuza kitanda. Analala mkekani akingoja safari. Chai yake nimeinywa bila kumtazama.

Ijumaa, 9 Juni

Sikulifikiria hili. Lindi wanataka jozi, karani na tarishi wa ofisi moja. Karani hana faili, basi jozi imevunjika, na Lindi watapewa watu wa ofisi nyingine. Mzee Bakili anapelekwa Kigoma, ambako karani anayepelekwa ana faili. Kigoma! Upande wa pili wa nchi!

Alisomewa mbele yetu sote. Akakusanya vikombe kimoja kimoja, changu akakisahau.

Orodha inakwenda wizarani kesho saa sita. Asubuhi nalirudisha faili. Naapa.

Jumamosi, 10 Juni

Abdulla amechelewa kufungua. Faili halipo. Kasema, "Si ulisema karatasi tu?" Karanga zote za jana zimefungiwa humo. Barua yangu ya ajira imekwenda Upanga na mama mmoja wa watu. Nikaokota kurasa sita zilizobaki, nikakimbia nazo Mnazi Mmoja yote hadi ofisini.

Saa sita na robo. Orodha imeshakwenda.

Bi Selina akazinusa kurasa. Akauliza kama panya wangu huwa anakaanga kwanza. Sikuweza kucheka. Nikamweleza yote. Akasema: "Ndugu Uwesu, ungesema jana, ningekuandika orodhani kwa kalamu na mzee angekwenda kwao."

Kwa kalamu! Mstari mmoja!

Nimepewa barua ya onyo. Mpaka faili jipya liundwe, nitafanya kazi ya tarishi.

Jumatano, 14 Juni

Nimekwenda stesheni kumbebea Mzee Bakili sanduku. Nikamwamkia, akaitika marahaba kama siku zote. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia ni mimi niliyeficha faili.

"Najua, mwanangu," akasema. "Siku ile ulipita mbele yangu umeshika tumbo kama mjamzito."

Nikamuuliza mbona hakunisema. Akajibu alidhani nitalirudisha mwenyewe. Kisha akaongeza kwamba kama sikutaka Lindi ningemwambia tu; Evarista, karani wa chumba cha pili, kwao ni huko, alikuwa tayari kubadilishana nami.

Nilitamani anitukane.

Treni ikaondoka. Kaniachia barua ya kwenda kwa Bi Siti niitie posta. Nyepesi mno, kama haina kitu ndani.

Jumatatu, 19 Juni

Nimebaki Dar, kama nilivyotaka. Nazunguka na birika. Wote wanasema chai ya Mzee Bakili ilikuwa chai. Kila mtu ananiagiza, hakuna anayenishika mkono.

Leo nilikwenda kumwomba Bi Selina aandike rasmi mzee arudishwe Lindi. Nimefika mpaka mlangoni. Nikawaza: maombi ya haki hupita ngazi ngapi? Mzee atastaafu yakiwa bado ngazi ya pili.

Ipo njia fupi. Nimeandika barua kutoka "Ofisi ya Mkoa, Lindi", wakimtaka Mzee Bakili kwa jina, haraka sana. Muhuri nimeuchonga kwa kiazi. Saini imetoka safi kuliko ya mkuu yeyote niliyewahi kumfanyia kazi. Na mezani kwa Bi Selina nimeipeleka mwenyewe, maana tarishi ni mimi.

Safari hii haiwezi kuharibika.