Do Iko Sentimita Hamsini na Tano

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimelia kazini. Mimi, fundi cherehani kwa miaka kumi na tisa sasa, nimelowesha suruali ya mteja kwa machozi. Mwalimu wa muziki amehamia chumba cha jirani na piano yake. Alikuwa akipiga kitu cha kizamani, taratibu, hakuna mwimbaji wala ngoma. Mkono wa kushoto ukiuliza, wa kulia ukijibu. Nikamkumbuka marehemu baba. Nikamkumbuka hata mbwa wetu. Suruali nimeipiga pasi ikakauka, mteja hajui kitu.

Nimepata wazo kubwa! Tarehe 16 mama mkwe anatimiza miaka sabini. Tangu baba mkwe afariki, miaka mitatu sasa, hajacheka wala kulia mbele ya watu. Nikimliza kwa piano ataacha kuniita "yule wa vifungo". Miaka kumi na moja ananiita hivyo, na jina langu analijua.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu amekubali kunifundisha, nami nimshonee mapazia. Akaanza na vibonyezo vyeusi: vimekaa viwili viwili na vitatu vitatu. Do, noti ya kwanza, ni cheupe kilicho kushoto tu kwa vile viwili. Akasema nikishika hilo sitapotea kwenye piano yoyote. Nikaitikia kwa adabu. Moyoni nikasema mambo mengi, muda mchache.

Alipokwenda kuchemsha chai nikatoa futi yangu ya kupimia nguo. Do: sentimita hamsini na tano kutoka ukingo wa kushoto. Vingine nimeviandika vyote kwenye daftari la vipimo, kati ya kiuno cha mhasibu na mabega ya dereva. Kumbe muziki ni ushonaji tu!

Jumatano, 12 Machi
Nimepiga mistari minne ya wimbo ule wa kizamani bila kosa, futi nimeilaza mbele ya vibonyezo. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza. Mwalimu akasema vizuri, ila nisikilize kwa masikio, nisiangalie futi. Wivu huo.

Jioni nikatamba mezani. Shemeji, kaka wa mke wangu, mjuaji wa kila kitu, akauliza piano itabebwa na nani. Sikuwa nimelifikiria hilo. Akasema ataazima kinanda kwa rafiki yake. Nikashukuru. Kinanda, piano, si ndugu hao?

Jumapili, 16 Machi
Kinanda chenyewe kifupi, kinaenea kwapani. Sikujali. Nikalaza futi, nikahesabu hamsini na tano, nikabonyeza. Ikatoka sauti ya ndege aliyebanwa na mlango. Nikapima upya. Vipimo sahihi kabisa! Maji nimeshayavulia nguo, nikayaoga: mistari yote minne, futi ikiteleza, nami nikiirudisha kwa kidevu.

Shemeji alishikilia ukuta. Mama mkwe akajifunika uso kwa kitambaa, mabega yakatikisika. Nikajua nimempata. Alipofunua uso alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka, pumzi hana. Akanishika mkono, akaniita kwa jina langu, akaniomba nirudie. Nikarudia mara tatu. Mke wangu akatoka nje kulia. Nilimfuata, akasema alidhani hatausikia tena mcheko wa mama yake.

Nimefurahi mno. Lakini nilipanga kilio, si kicheko.

Jumatatu, 17 Machi
Nimemsimulia mwalimu. Akaweka kidole juu ya vile vyeusi viwili, akaeleza tena kuhusu cheupe cha kushoto. Mara ya sita hii. Nikaitikia kwa adabu.

Kosa nimeligundua mwenyewe. Futi yangu imezeeka, imevutika. Mama mkwe ameagiza nipige kwenye harusi ya mjukuu wake, na shemeji ameshajitolea kuleta kinanda kilekile. Safari hii watalia ukumbi mzima. Nimenunua futi mpya, ya chuma.