Siku Karasha Aliporithi Moyo wa Baba Yake

Jamani, hii hamtaiamini, na siwalaumu. Mimi nilikuwepo kwa macho yangu na bado sijakaa sawa. Kuna mtu hapa Geita, mtu mzima na ndevu zake, amerithi ugonjwa wa moyo wa marehemu baba yake asubuhi moja, sisi tukiwa tunakunywa kahawa. Ugonjwa ulikuja na ng'ombe.

Tulieni niwape mwanzo.

Kijiwe chetu kipo nyuma ya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kwa hiyo hata tukisalimiana utadhani tunagombana. Siku hiyo tulikuwa wanne. Bando, ambaye anakuwa daktari kila akinunua bando la intaneti. Jaji, aliyewahi kuitwa shahidi kwenye baraza la kata, tangu hapo anahukumu kila kitu. Karasha mwenyewe, jina lake la nyumbani Maduhu, msimamizi wa mashine na mkubwa wetu kwa umri. Na mimi, simu mkononi, nawasomea habari.

"Watafiti wanasema," nikasoma, "kuna tofauti kwenye vinasaba vinavyosimamia uvimbe wa ndani ya mwili, na baadhi yake zinaweza kuongeza hatari ya ugonjwa wa moyo."

"Fafanua," Jaji akasema.

Bando akajiweka sawa. "Mwili wako una sungusungu wake, walinzi kama wale wa kijijini. Ukijikata wanakuja, panavimba, panapata moto, wanamkamata mwizi, wanarudi kulala. Sasa kuna watu wamezaliwa na sungusungu wa fujo. Mwizi kashakamatwa, wao bado wanapiga filimbi, wanachapa mpaka mwenye nyumba. Wakichapana hivyo kwenye mishipa ya moyo miaka na miaka, mishipa inaharibika, inaziba."

"Hao wa fujo anawaajiri nani?"

"Unazaliwa nao. Vinasaba vinatoka kwa wazazi."

Wote tukamgeukia Karasha. Baba yake alikufa ameshika kifua. Baba mdogo, ameshika kifua. Babu, tunavyosikia, mkono mmoja kifua, mwingine kiko. Na Karasha mwenyewe siku hizi akitoka kwenye mashine kuja hapa, ni hapo tu, lazima asimame njiani ajifanye anaangalia mawingu.

"Mnaniangalia nini?"

"Kapime, kaka," Bando akasema.

"Hiyo hainihusu. Mimi ni wa kwa mama."

Jaji akaweka kikombe chini. Ukiona kaweka kikombe, ujue kesi imeanza.

"Una maana mzee alimchukua mama yako bila ng'ombe za mahari?"

"Hata mkia haukwenda. Na kwa mila zetu Wasukuma mnajua, ng'ombe zisipokwenda mtoto ni wa kwa wajomba. Sasa kama mzee hakutoa kitu, vinasaba vyake vinanifikiaje? Nauli kalipa nani?"

"Vinasaba haviangalii zizi," Bando akasema.

"Wewe ukishuka kwenye duara la mtu, ukachimba shimo lake bila makubaliano, mawe ni ya nani?"

"Ya mwenye duara."

"Basi. Mimi ni jiwe la kwa mama. Na kwao hakuna huo ugonjwa. Bibi yangu kafa na meno yake yote, kapigwa teke na punda."

"Alikuwa anamfanya nini punda?"

"Anamchapa. Uzee wote ule bado ana nguvu za kuchapa punda. Moyo wangu ndio huo."

Jaji akakohoa kidogo. "Kwa ushahidi ulioletwa mbele ya kijiwe, vinasaba vya baba vipo, ila kwa Karasha havina haki ya kuingia."

"Mtamuua huyu mtu," Bando akasema. "Mtamuua hivihivi mnacheka."

Kumbe nyuma yetu alikuwa amesimama Bernadina, mke wa Karasha, sisi tunamwita Mama Vumilia. Kaleta hotpoti ya chakula. Huyu mama kashambembeleza mumewe aende hospitali mpaka sauti imekauka, maana usiku jamaa analala amekaa, kama mlinzi wa benki, akilala chali hewa haitoshi. Lakini siku hiyo mama hakugombana na mtu.

"Shemeji Jaji," akasema, "ng'ombe zikipelekwa leo, huyu anakuwa wa kwa nani?"

"Anarudi kwa baba yake."

"Na vinasaba?"

Jaji akafikiri. "Na vinasaba. Huwezi kuchukua mtoto ukaacha mizigo yake."

"Asante." Akaweka hotpoti, akaondoka.

Karasha akacheka mpaka akashika magoti. "Ng'ombe zake zipo kwa kaka yake, Kagongwa. Anazipenda kuliko mimi. Hatoi hata kwato."

Kesho yake asubuhi, wote tupo kijiweni na kahawa, simu yangu ikaita, video. Karasha anatumia kitochi, kisimu kisicho na video, kwa hiyo ndugu zake wakitaka kumuona sura wanapitia kwangu. Alikuwa mjomba wake, mzee Ngusa, yupo Kagongwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nipe mpwa wangu."

Nikamgeuzia. Nyuma ya mzee vumbi tupu, ng'ombe wanaingia zizini, na kaka yake Mama Vumilia yupo na fimbo anawaswaga.

"Mwangaluka, mpwa. Zimeingia."

"Zimeingia nini?"

"Ng'ombe za mama yako. Mkeo katoa zake. Wazee tumekaa, tumeridhika. Kuanzia leo wewe si wetu, ni wa kwa baba yako. Tutakukumbuka."

Karasha akakaa chini polepole. Jasho likamtoka mpaka kwenye masikio. Mkono ukapanda kifuani, upande uleule wa marehemu.

"Vimefika," akasema.

"Nini?"

"Vinasaba. Navisikia vinashusha mizigo."

Bando hakucheka. "Kaka, hicho kifua kimeanza sasa hivi, au kila siku kinabana?"

"Kila siku. Ila zamani kilikuwa cha kwa mama. Sasa hivi ni cha baba. Nipelekeni."

Tukamsukumia kwenye bajaji. Hospitali, daktari akauliza kama kwenye familia kuna mwenye ugonjwa wa moyo.

"Kuanzia saa nne asubuhi hii, daktari," Jaji akajibu, "wapo wengi."

Daktari akamtazama, akaamua kuendelea na mgonjwa. Wakampima presha, wakambandika nyaya kifuani, wakamlaza. Baadaye daktari akatoka kuongea na Mama Vumilia. Mishipa ya moyo imebana, akasema, presha ipo juu sana, huyu angeendelea kukaa nyumbani mngemwokota kwenye mashine. Mama Vumilia akageukia ukuta akalia bila sauti. Mimi nikajifanya nasoma meseji.

Karasha naye akaambiwa yake. "Vinasaba umechukua nusu kwa baba, nusu kwa mama, ng'ombe ziende zisiende. Na si vinasaba peke yake. Kuna hizo sigara, kuna presha, kuna chumvi unayomwaga kwenye nyama. Dawa kila siku, hata ukijisikia mzima."

Akaitikia vizuri kabisa. Na kweli kapata nafuu. Siku hizi anatoka kwenye mashine mpaka kijiweni bila kuangalia wingu hata moja.

Sasa leo kaja, kakaa karibu yangu, kashusha sauti.

"Mpigie mjomba. Mwambie azirudishe."

"Nini?"

"Ng'ombe. Nikirudi kwa mama, vinasaba vinaondoka, dawa naacha. Na Mama Vumilia anapata mali yake. Anaziwaza zile ng'ombe, hasemi tu."

Nikamtazama Jaji aniokoe. Jaji akaweka kikombe chini. "Rufaa inaruhusiwa," akasema.

"Ukipiga," Bando akaniambia, "hiyo simu naitupa kwenye karasha."

Mjomba Ngusa namjua, mlaini, mpwa wake akimuomba anazitoa leoleo. Nikidanganya sina chaji, kioo kinawaka anakiona. Nikikataa, ni kaka mkubwa kwangu, ndiye aliyenipa kazi pale mashine nilipofika mji huu sina hata pa kulala. Na hapa ninapoandika amenikazia macho, anauliza mbona nabonyeza sana, kwani mjomba hapokei?

Wewe ungempigia?