Vita vya Pipa la Buluu na Jeshi Lililoliwa kwa Mawese

Nyamazeni, enyi mlio jikoni na mlio barazani! Anayepeta maharage aweke ungo chini, mwenye bodaboda inayonguruma aizime, na mwenye kikohozi akikohoe sasa hivi kimalizike, maana habari inayokuja haijapata kusikiwa tangu Heru Juu iitwe Heru Juu. Wengine wamesimuliwa mikuki na ngao, na majeshi yaliyovuka Malagarasi kwa kishindo. Nyinyi mtasimuliwa pipa. Lilikuwa pipa moja la plastiki, lenye ufa ukingoni, na juu yake ilisimama heshima ya mwanamume.

Mwanamume huyo ndiye Tharsisi, Mchovya Vitambaa, Bwana wa Nta na Beseni, aliyezivika kwaya batiki kutoka Kasulu mpaka Manyovu, ambaye mikono yake haikupata kufanana rangi na uso wake. Jembe halikumkubali tangu ujana. Lakini kitambaa kilipotoka majini na ua kujitokeza pale ilipokuwa nta, moyo wake uliruka kila mara kana kwamba hajapata kuliona jambo hilo, na kazi hiyo aliipenda kuliko usingizi. Naye akimaliza kuchovya aliyamwaga maji ya rangi mferejini bila kuuliza yanakwenda wapi, kama wafanyavyo watu wengi wenye maji machafu. Yalikuwa yanakwenda kwa Mwamvua.

Mwamvua, mke wa Saady mwenye duka, Malkia wa Unga wa Muhogo, aliloweka mihogo yake katika dimbwi la kijito lililo chini ya mteremko. Ikatukia asubuhi moja akaiopoa, nayo ikatoka ya buluu. Akaianika ikakauka ya buluu, akaitwanga, akausonga ugali akitumaini kuwa moto utaurudishia akili. Siku hiyohiyo wakwe wa binti yake walikuwa wamewasili kutoka Ujiji. Wakatandikiwa mkeka, wakawekewa samaki wa migebuka walioungwa vizuri, na kando yake ugali wa rangi ya sare za shule. Wakala kwa adabu, wakaaga mapema.

Hapo kitongoji kikaitwa mkutanoni. Mwamvua akasimama katikati akiwa na sahani iliyofunikwa kawa, akaifunua, na watu wote wakarudi nyuma hatua moja.

"Enyi majirani!" alinena. "Mimi nimekuzwa kwa ugali, na ugali nimeuona wa kila namna, mweupe, wa kijivu, hata wenye mchanga. Huu nani kauona? Mkwe wa binti yangu kaniuliza, 'Bi Mwamvua, hii ni dawa?' Nikakosa pa kuuficha uso! Tharsisi ni jirani mwema, na mkewe tunaombana chumvi. Lakini leo nasema mbele ya Mungu na mbele ya sahani hii: ama aitoe rangi majini, ama alitoe beseni lake kitongojini!"

Mwenyekiti Makarius, Mzee wa Maneno Machache Yanayochukua Muda Mrefu, akakohoa, akatazama sahani, akatazama mbingu, akahukumu. "Mkutano ujao Tharsisi ataleta maji yatokayo kwake. Yakiwa safi, abaki na kazi yake. Yakiwa hivi," akaielekezea sahani fimbo bila kuigusa, "beseni lihame."

Tharsisi akarudi nyumbani, na maji kweli yalikuwa yamezidi unga. Aliogopa. Ahamie wapi, naye kiwanja anacho hapo tu? Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akawaza, na katika kuwaza akakumbuka tendo lake moja la uvivu.

Dorcas mkewe alikuwa akilima uyoga wa aina ya mamama katika mifuko iliyojazwa mabua ya maharage na magunzi ya mahindi. Wakati fulani alimwagiza mumewe apeleke shimoni mfuko uliochoka. Shimo lilikuwa mbali, na ndoo ya maji ya rangi ilikuwa karibu. Akautumbukiza humo, akaenda kulala. Alipokuja kuikumbuka ile ndoo, buluu yake ilikuwa imekonda, maji yamekuwa kama yaliyooshea mchele. Siku hiyo aliona ajabu, kisha akasahau. Leo alisimama wima akalia kwa sauti kuu, "Dorcas! Nipe mbegu ya uyoga!" Maana ulimwingia ukweli huu, kwamba uyoga ule unaoweza kula gogo gumu la msituni ukalimaliza, hauwezi kushindwa na rangi ya kitambaa.

Akachemsha mabua, akajaza mifuko, akapanda mbegu, akaipanga bandani nyuma ya jiko kikosi kwa kikosi. Nyuzi nyeupe zikatambaa zikayashika mabua pande zote. Kisha, mkutano ukiwa umekaribia, jeshi likachomoza: makofia mapana, ya kijivu, yaliyobebana mabegani. Tharsisi akalikagua, mikono nyuma. "Kesho," akaliambia, "tutashuka pipani." Akatoka kwenda kutafuta kokoto za kutandika ndani ya lile pipa lake lenye ufa, ambamo maji ya rangi yangechujwa, na Dorcas alikuwa gulioni Kasulu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wamesema wahenga, ambao hawakuwa na uyoga bandani. Saa hiyo alishuka kutoka basi la Kibondo Bi Niyonkuru, mamaye Dorcas, Mwanamke wa Sufuria Isiyopoa. Akakuta nyumba haina mtu. Akazunguka nyuma, akachungulia bandani, akaona. Akakunja mikono ya blauzi.

Tharsisi alirejea jioni akakuta harufu ya mawese na karanga imejaa uani, na Dorcas amerudi, amesimama mlangoni na uso wa kilio. Mezani palikuwa na bakuli, na ndani ya bakuli lilikuwa jeshi lote.

Sasa fahamuni desturi. Mkwe mwanamume hasemezani na mama mkwe ana kwa ana, wala hali naye, wala hakikatai chakula chake hata kama kimepikwa kutokana na roho yake. Tharsisi aliketi sebuleni, Niyonkuru alikuwa jikoni, na ukuta kati yao haukufika juu.

"Dorcas," akanena shujaa, "muulize mabukwe, uyoga huu umetoka wapi?"

Dorcas akageukia jikoni. "Mama, anauliza uyoga umetoka wapi."

"Mwambie mkwe wangu," ikajibu sauti, "nimeukuta bandani unazeeka bure. Yoo! Uyoga mzuri namna ile! Mwanamume anayeacha vitu vichanue mpaka vichakae, huyo shamba lake lina hali gani? Ni beseni tu, beseni, beseni! Mwambie ale kabla haujapoa."

Dorcas akamgeukia mumewe. "Anasema ule."

Akala. Akala kikosi cha kwanza na cha pili, machozi yakimlenga, na ukweli hauna budi kusemwa, ulikuwa mtamu. Akaongeza.

"Mwambie mabukwe," akashukuru, "murakoze."

Asubuhi alikwenda bandani kama mtu aendaye matangani. Mifuko ilikuwa imenyolewa kipara. Akaketi, akauchukua mmoja, akauchana kwa hasira, na mkono ukasita. Ndani nyuzi zilikuwa nzima, nyeupe pepe, zimeyafumba mabua yakawa donge moja. Akakumbuka kwamba hata ule mfuko wa uvivu haukuwa na kofia hata moja. Mabukwe alikuwa amechuma makofia. Askari walikuwa bado kambini.

Ndipo vita vikaanza. Pipa likatobolewa tundu dogo kitakoni, kokoto zikalala ndani yake, mabua yenye nyuzi yakajaa juu ya kokoto. Maji ya rangi yakatulizwa ukali wa soda ya kushikisha rangi kwa maji ya mvua na kwa ndimu zilizokamuliwa mpaka mchovya akapiga chafya. Akayamimina kopo kwa kopo. Mwanzo buluu ilitawala. Kesho yake ikapauka. Tharsisi akayachota, akayarudisha, akayachota tena, na Niyonkuru akimtazama kwa mbali, mikono kifuani. Mwishowe chini ya pipa yakadondoka maji yaliyofanana na chai iliyochujwa mara ya pili, yakinuka msitu baada ya mvua.

Tharsisi akayachukua ndooni mpaka kwa Mwamvua. "Dada," akasema, "mimi sitaki jaji mwingine. Weka muhogo wako." Mwamvua akamenya muhogo mweupe, akautumbukiza, akaifunga ndoo kwa kanga yake mwenyewe, akakaa nayo ndani mpaka siku ya mkutano.

Siku hiyo ikafika. Kanga ikafunguliwa mbele ya wote. "Hiyo chai!" akapayuka mmoja, akanyamazishwa. Mwamvua akazamisha mkono, akautoa muhogo, akaunusa, akauvunja vipande viwili, akautazama moyo wake.

"Mweupe," akasema Mwamvua. Akauinua juu watu wauone. "Jamani, mweupe!"

Makarius akasimama. "Muhogo huu mtu asiule, huu ni shahidi," akatamka. "Na maji hayo yamwagwe mbali na dimbwi. Lakini beseni libaki." Vigelegele vikapanda mpaka barabarani, na waendesha bodaboda wakapiga honi bila kujua kisa.

Pembeni, mgongo ukiwa umemwelekea mkwewe kama desturi inavyotaka, Niyonkuru alikuwa amesimama na bintiye. Akasema kwa sauti ambayo hata Kakonko wangeisikia:

"Dorcas, mwambie mkwe wangu, shamba lake nimeliona."

Dorcas akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesikia kila neno. Naye hakuitikia, alisubiri mpaka afikishiwe lote kwa taratibu yake. Kisha akafuta macho kwa mkono wa buluu.

Basi na ikumbukwe, enyi mlionyamaza, popote muhogo ulowekwapo katika nchi hizi za juu: Heru Juu kulipiganwa, pipa lenye ufa likashinda, na wakwe walipokuja tena kutoka Ujiji, waliwekewa ugali mweupe, wakakaa mpaka jioni.